Baridi ya Gulwe

Sikumpigia bibi simu. Jambo hili nimelikana mbele ya mwalimu wangu, mbele ya baba, mbele ya kanisa zima la Waswahili siku ya chakula cha pamoja, na kwa miaka minne ya chuo kikuu ambako, Mungu anisamehe, nilisoma historia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nilikuwa na kadi ya simu mkononi, na sikumpigia.

Nyinyi mliokulia Toronto miaka ile mnaikumbuka kadi yenyewe. Ilikuwa na picha ya simba au ya bendera. Unakwangua mgongo wake kwa sarafu mpaka unga wa kijivu unaingia kwenye kucha, unabonyeza tarakimu ndefu kuliko ukoo wa mfalme Daudi, kisha mwanamke asiye na haraka anakuambia umebakiwa na dakika ngapi. Alisema sitini, hazikuwahi kufika arobaini. Na sauti yako ilikwenda Tanzania ikarudi, ukajisikia mwenyewe ukisema "shikamoo" kabla unayemwamkia hajaisikia.

Enzi hizo mimi sikwenda shule, shule ilikuja kwetu. Mama, ambaye ni muuguzi, aliitwa na walimu akaambiwa binti yake ni mkimya kupita kiasi, huenda ana kasoro. Mama akajibu, "Hana kasoro. Amefundwa asidakie maneno ya wakubwa." Akaandika barua moja kwa bodi ya shule, na wiki iliyofuata meza yetu ya kulia, pale ghorofa ya tisa Downsview, ikawa darasa. Kutoka Pickering waliletwa watoto wawili wa familia ya Kikenya, Wambui aliyekuwa rika langu na kaka yake Njoroge, kila Jumanne na Alhamisi, wakiwa na tongotongo machoni. Mama alitufundisha sayansi, mama yao akatufundisha hesabu.

Watoto wa jengo lile walitusikitikia. Shule zao zilipofungwa kwa ajili ya theluji, tuliwaona kutoka dirishani wakiteleza kilimani juu ya vifuniko vya ndoo, nasi tumekaa na daftari. Tukilalamika, mama alikuwa na jibu moja: "Theluji imefunga barabara. Daftari haijalifunga." Lakini saa nne kulikuwa na mandazi, na chai ya maziwa yenye tangawizi ya kukwaruza koo, na baada ya hapo tulicheza kombolela kwenye ngazi za dharura mpaka mzee wa ghorofa ya saba atoke na fulana yake kutufokea kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Nilikuwa na furaha. Naliandika hilo kwa sababu kinachofuata hakifurahishi.

Historia tulifundishwa na Mwalimu Yohana. Nyumbani Tanzania alikuwa amefundisha sekondari miaka kumi na minne. Toronto alikuwa mpakizi wa mizigo kwenye ghala ng'ambo ya barabara yetu. Alitoka zamu akaja moja kwa moja, amevaa viatu vya kazi vyenye chuma puani, ameshika makwapani maboksi yaliyotupwa. Aliyapasua, akayanyoosha, akayabandika ukutani kwenye korido yetu, kutoka mlango wa bafu hadi mlango wa jikoni, na juu yake akachora kwa kalamu nene mstari wa wakati. Kwa hiyo mimi najua kwamba binadamu wa kwanza walianzia bafuni. Biashara ya misafara ilipita kwenye kabati la makoti. Wakoloni waliingia sambamba na chumba cha wazazi, na uhuru ukapatikana jikoni. Hadi leo nikisoma kuhusu uhuru wa nchi yoyote nasikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa.

Alikuwa akisinzia amesimama, lakini hakuna aliyethubutu kumdanganya. Ukiandika jambo lolote alikuuliza, "Shahidi wako nani?" Ilibidi kila sentensi iwe na jina pembeni: nani aliona, nani alisikia, kitabu gani. "Habari isiyo na shahidi," alisema, "ni umbea uliovaa tai."

Majira ya baridi ya mwaka ule alitupa kazi. Kila mmoja ampigie simu mzee mmoja wa ukoo wake, amuulize swali moja tu: siku ya kwanza kuondoka kwenu, ilikuwaje? Baba alifurahi kama ametumwa yeye. Mama yake, Bibi Damari, aliishi kijijini karibu na Mpwapwa na hakuwa na simu. Shangazi Neema, dada yake baba, ndiye aliyekuwa nayo. Baba akapanga nao: Jumamosi, saa nne asubuhi kwetu, saa kumi na mbili jioni kwao, bibi atakuwa amekaa kando ya simu. Akanipa kadi mpya.

Nilichoogopa ni Kiswahili changu. Kilikuwa kimeanza kupauka, na bibi alikuwa na namna ya kunyamaza nikikosea, si kwa hasira, kwa kunihurumia. Nikaona nimpigie kwanza binamu yangu Eliza wa Dodoma, dakika tano tu, nichangamshe ulimi. Eliza alikuwa ameachwa na mvulana fulani wa kwaya. Alinieleza alivyoachwa, alivyorudiwa, na alivyoachwa tena mbele ya watu. Nilikuwa namwambia "Ehe, ikawaje?" pale yule mwanamke asiye na haraka alipotukata.

"Umeongea na bibi?" baba akauliza alipotoka kazini.

"Ndiyo, baba."

"Amekuambia?"

"Ameniambia mengi."

Nikaandika kurasa tatu. Katika kurasa hizo Bibi Damari, msichana wa miaka kumi na mitano mwenye kiu ya elimu, anatoroka kwao alfajiri, anatembea hadi stesheni ya Gulwe, anajificha kwenye behewa la mizigo kati ya magunia ya karanga, na kufika Morogoro kutafuta shule. Reli niliitoa kwenye boksi la Mwalimu, karibu na kabati la makoti. Pale stesheni bibi alisubiri treni amekunja mikono makwapani, meno yanagongana kwa baridi. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akisubiri usafiri bila kutetemeka, kwa hiyo nami nikamtetemesha. Na pembeni mwa kila sentensi nikaandika: Bibi Damari mwenyewe.

Niliposoma darasani, Wambui aliangua kicheko. "Ai! Kwani shosho yako alikuwa anangojea treni Tanzania ama basi hapa kituo cha Finch? Hiyo baridi ni ya wapi?"

Lakini Mwalimu Yohana alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa shati. "Nyamaza, Wambui. Ugogoni mwezi wa sita alfajiri kuna baridi. Wewe umewahi kufika?" Akanigeukia. "Unaona? Mtu akisimulia kitu alichokiona, huleta na hali ya hewa yake."

Mtu aliyetudai mashahidi miaka miwili mfululizo alinitafutia yeye mwenyewe shahidi. Nadhani alikuwa amechoka, na alitaka sana kwamba mwanafunzi mmoja, katika korido moja ya Downsview, awe amepiga simu na kupokea kitu. Alinipa ishirini juu ya ishirini. Akachora behewa dogo kwenye mstari wa wakati, hatua mbili kabla ya uhuru, na kuandika chini yake: Damari.

Wambui alipata kumi na moja. Alikuwa amempigia babu yake kweli, na kazi yake ilikuwa nusu ukurasa: "Babu anasema hakumbuki. Babu anasema nimuulize tena mbuzi wakirudi." Nilimcheka hadi nikapaliwa na mandazi. Leo nusu ukurasa ule ameutia kwenye fremu, umetundikwa sebuleni kwake, nami kila nikimtembelea nachagua kiti kinachoupa kisogo.

Jumapili iliyofuata baba, aliyekuwa amesoma kurasa zangu, alimpigia mama yake na kuweka simu kwenye spika ili sote tusikie. Nilikuwa nimesimama mlangoni natafuta pa kukimbilia, na nje ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri.

"Mama! Kumbe ulitoroka kwa treni! Ukajificha behewani pale Gulwe! Miaka yote hii mimi mwanao hukuniambia, umemwambia mjukuu!"

Kimya. Kilikuwa kirefu hata nikadhani kadi imekwisha.

"Ndiyo," bibi akasema. "Nilimwambia yeye."

"Na baridi ile, mama!"

"Baridi, mwanangu? Wee acha tu." Halafu akasema, "Nipe huyo mjukuu wangu."

Nikaisogelea simu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Baba yako amefurahi. Umefanya vizuri kumfurahisha." Akakohoa kidogo. "Sasa nipigie tena, mama. Nikupe iliyobaki."

"Ndiyo, bibi."

Sikumpigia. Mwanzoni ni aibu. Halafu ni mitihani, halafu ni ujana, ambao una shughuli nyingi zisizokumbukwa. Chuoni niliandika kazi ndefu kuhusu kuaminika kwa masimulizi ya wazee wa Afrika, nikasifiwa kwa ukali wa hoja zangu. Na humo ndani ya ukali wangu nilikuwa nimeanza kulea tumaini moja la kipumbavu: kwamba huenda nilibahatisha. Wasichana walitoroka kweli miaka ile. Treni zilikuwepo. Bibi mwenyewe alikubali, na bibi alikuwa mtu wa kanisa, hasemi uongo. Mtu akitaka kuamini jambo, historia haimnyimi ushahidi.

Baba alilisimulia behewa kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwenye kila chakula cha pamoja. Na bibi alipofariki, katikati ya muongo uliofuata, ni baba aliyeandika historia ya marehemu. Sikwenda kuzika, nilikuwa na mimba ya miezi minane. Niliangalia mazishi kwenye kompyuta. Mzee wa kanisa alisimama mbele ya jeneza, jua limewaka, akina mama wanajipepea kwa ncha za khanga, jasho linamtiririka hadi kwenye karatasi, naye anasoma kwa sauti ya kupanda na kushuka: "Marehemu, katika baridi kali ya Gulwe..." Watu mia mbili waliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeuliza shahidi ni nani.

Mimba ile leo ni binti anayeitwa Tumaini, ana miaka kumi na miwili, na kwa ukaidi niliourithi kwa mama yangu namfundisha nyumbani. Ukutani hatuna maboksi, tuna skrini. Kombolela haijui; ngazi za dharura kwake ni za dharura. Kiswahili anakielewa chote na kukijibu kwa Kiingereza. Wazee wake wote anao mfukoni, nyuso zao na sauti zao, bure, saa yoyote, na hana la kuwauliza. Nilipompa kazi aandike historia ya mzee mmoja wa ukoo, alinikabidhi baada ya dakika sita kurasa tano zisizo na kosa, kuhusu bibi mmoja mvumilivu ambaye hakuwa wa mtu yeyote. Nikamuuliza, "Shahidi wako nani?" Akainua simu yake kunionyesha programu iliyomwandikia. Nilifungua mdomo nimkemee kizazi chake chote, kisha nikakumbuka kurasa zangu tatu. Shahidi wake, angalau, alishiba vitabu kabla ya kudanganya. Sisi tulikuwa na maswali mazuri na dakika chache, tukazimaliza kwa mvulana wa kwaya.

Ndipo nikafanya jambo la woga. Nilimwambia Tumaini ampigie Shangazi Neema, amuulize kuhusu bibi na lile behewa. Nilijificha jikoni. Aliongea dakika nne huku anasuka nywele, akakata, akaniambia kwa Kiingereza kwamba shangazi amecheka, kisha amelia, kisha amesema atanipigia mwenyewe.

Simu ikalia kabla sijaketi.

"Mama Tumaini," shangazi alisema, "mtoto wako ameniuliza kuhusu treni."

"Ndiyo, shangazi. Ni kazi ya historia."

"Mama yangu hakupanda treni maisha yake yote. Aliogopa hata kuvuka reli."

"Lakini alimwambia baba..."

"Nilikuwepo. Simu ilikuwa yangu, niliishika mimi mwenyewe sikioni kwake. Aliifunika kwa kiganja akaniuliza, 'Mtoto kasema nimefanya nini?' Nikamwambia. Akacheka, akasema, 'Basi nimefanya.'"

"Kwa hiyo alijua."

"Si tulikaa wote Jumamosi ile? Amevaa khanga mpya, amepaka mafuta. Tulikaa hadi saa mbili usiku. Simu haikulia."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akitwanga.

"Na ya kweli, shangazi? Siku aliyoondoka kwao, ilikuwaje?"

"Hatujui. Tulimuuliza, mimi na ndugu zangu, mara nyingi. Akasema ile ina mwenyewe. Kuna mtu ameshaulizia, anasema, amekwama tu kidogo, atapiga. Kila Jumapili alinikumbusha niichaji simu."

"Hadi lini?"

Shangazi hakujibu. Kwa mazoea nikadhani kadi imekwisha, kisha nikakumbuka kwamba kadi hazipo tena, na kwamba siku hizi dakika haziishi.