Kiyoyozi cha Chumba Nambari Kumi na Nne

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bisibisi wala koleo. Nilipewa ndoo ya maji, brashi laini na kipande cha sabuni, nikaamriwa kuosha machujio ya viyoyozi vya vyumba vyote vya ghorofa ya chini. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika hoteli moja ya ufuoni Malindi, nami nilikuwa kijana niliyetoka chuo cha ufundi nikijiona najua mengi. Nilinung'unika. Fundi Mkuu, mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinisikia lakini hakukasirika.

"Athumani," aliniambia, "mashine hii haitengenezi baridi. Inachukua joto la chumbani na kulitupa nje. Chujio likiziba kwa vumbi, hewa haipiti, na mashine itajichosha mpaka ife. Ukishindwa na ndoo, hutaweza bisibisi."

Viyoyozi vya siku zile vilikuwa masanduku mazito ya bati yaliyopachikwa ukutani, nusu ndani, nusu nje. Ndani yake mlikuwa na feni na kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoza. Fundi Mkuu alinifundisha taratibu ambazo hata leo mikono yangu inazifuata yenyewe. Chujio lioshwe kila wiki mbili, likauke kivulini. Mashine ikizimwa isiwashwe tena papo hapo. Isubiri dakika chache, gesi itulie, la sivyo kompresa itakwama na kuungua. Sanduku liinamishwe kidogo kuelekea nje, ili maji yanayotokana na unyevu wa hewa yadondoke uani na si sakafuni. Na kabla ya kufungua chochote, chomoa plagi, kisha kumbuka kapasita, kile kikopo kinachohifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Wengi wamerushwa nacho wakidhani mashine imekwisha kufa.

Lakini jambo alilolirudia kuliko yote ni waya wa ardhi, ambao sisi mafundi tunauita athi. Ni ule wa kijani na manjano, unaofungwa kwa skrubu kwenye bati la mashine.

"Umeme ukitoroka njia yake utatafuta ardhi," alikuwa akisema. "Ukiupa waya, utapita kwenye waya na fyuzi itakatika. Usipoupa, utampitia mtu."

Nilikaa naye miaka mitatu. Kisha nikachukuliwa na kiwanda kimoja cha chumvi upande wa Marereni, kutunza viyoyozi vya ofisi chini ya Afisa wa Matengenezo, mtu asiyecheka, aliyependa kutuita kwa filimbi. Huko nilijua chumvi ni adui wa namna gani. Mapezi, yale mabati membamba ya nyuma yanayotoa joto, yalikatika mikononi mwangu kama karatasi iliyoungua. Skrubu niliyoikaza mwanzo wa kaskazi niliikuta imeliwa kabla ya kusi. Sikudumu. Kifua kilinisumbua, nikaomba kazi katika hoteli nyingine upande wa Watamu, na nikaipata kama fundi wa viyoyozi, peke yangu, bila mkubwa wa ufundi juu yangu. Juu yangu alikuwapo Meneja tu.

Hapo ndipo nilipojuana na Kadzo. Alikuwa mtandika vitanda, binti wa Kigiriama kutoka Dabaso, mwenye mtoto mmoja wa kike aliyelelewa na bibi yake. Kadzo alifanya kazi bila viatu. Alikuwa na jozi moja ya raba na hakutaka zilowe akipiga deki, kwa hiyo alizipanga mlangoni mwa chumba, visigino vikitazama ndani. Alikuwa na sikio zuri kuliko langu. Mara nyingi alinipitia asubuhi kuniambia mashine ya chumba fulani imebadili sauti, na nilipokwenda nilikuta kweli, feni inagusa bati au kompresa inatetemeka.

Siku moja, Ijumaa, alinikuta nikitoka msikitini.

"Kaka Athumani, ile ya kumi na nne inaniuma vidole nikiipangusa," alisema. "Kama siafu."

Nilikwenda saa ile ile. Nilipogusisha testa kwenye bati, taa yake iliwaka. Nikachomoa plagi na kulifungua sanduku. Waya wa athi haukuwa umeliwa na chumvi. Ulikuwa umekatwa kwa koleo na kukunjwa vizuri pembeni. Nikaelewa. Nyaya za ndani ya kompresa zilikuwa zimechakaa na umeme ulikuwa ukivuja kwenye bati. Athi ilipokuwapo, fyuzi ilikuwa ikikatika na mashine ikizima. Fundi aliyenitangulia aliona dawa ni kuikata, ili mashine iendelee kufanya kazi. Juu ya hayo, sanduku lilikuwa limeinamia ndani, na chini yake palikuwa na maji ambayo Kadzo aliyapangusa kila siku.

Nilikwenda kwa Meneja. Nilimweleza yote na kumwomba kiyoyozi kipya kilichokuwa stoo. Alikuwa mtu mpole wa maneno, na hata siku ile hakupaza sauti. Alisema kile cha stoo kimewekwa kwa ajili ya vyumba vipya, na kwamba kundi la wageni linafika jioni ile. Nisubiri wiki iishe. Nikamwambia basi chumba kile kikae bila baridi. Akasema sawa. Nikaiacha plagi nje na kuifunga utepe mweusi.

Jumamosi alasiri aliniita. Mgeni wa chumba nambari kumi na nne alikuwa mzee na mkewe hawezi, na joto lilikuwa limewashinda.

"Irudishe plagi, Athumani," alisema. "Siku mbili tu. Imefanya kazi hivyo miaka mingapi?"

Nilisimama mbele ya meza yake. Ningeweza kukataa. Nilikuwa nimeoa mwaka ule, mke wangu mjamzito, na kazi za kiyoyozi hazikuwa nyingi pwani. Nikaenda nikautoa utepe na kuirudisha plagi kwa mkono wangu huu. Nilijiambia nitamwonya Kadzo asiiguse. Lakini Jumamosi ilikuwa siku yake ya mapumziko, na Jumapili alifika kazini kabla yangu.

Nilipofika nilizikuta raba zake mlangoni. Wageni walikuwa wamekwenda kunywa chai. Alikuwa amelala ubavu juu ya sakafu iliyolowa, kitambaa kimenasa kwenye ukingo wa bati. Nilizima umeme wa ghorofa nzima kabla ya kumgusa, kama nilivyofundishwa. Tulijaribu yote tuliyoyajua, tukampakia gari la hoteli. Hakufika hospitali akiwa hai.

Gari lilipoondoka, Meneja alinifuata koridoni. Macho yake yalikuwa mekundu, sisemi kwamba hakuumia. Akanipa ufunguo wa stoo.

"Kibadilishe," alisema. "Kabla askari hawajaja."

Nilimwita mtunza bustani tukasaidiana kulibeba sanduku jipya. Lile la zamani tulilitoa, jipya tukalipachika, nikaliinamisha kuelekea nje, nikaifunga athi na kukaza skrubu. Kazi yote haikufika nusu saa. Askari walipokuja na afisa wao wa ukaguzi, waliipima mashine na kuikuta salama. Afisa alinitazama akaniuliza kama ndiyo iliyokuwapo chumbani asubuhi ile.

"Ndiyo, bwana," nikasema.

Ikasemwa ni moyo. Tulikwenda Dabaso kuzika, wafanyakazi wote, na Meneja akatoa ubani. Mamake Kadzo alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru kwa kujaribu kumwokoa bintiye.

Miezi michache baadaye nikapelekwa Kilifi, hoteli ya tajiri yule yule, nikiwa msimamizi wa mafundi. Nilifanya kazi huko mpaka nikastaafu. Walionifuata walisema hajapata kuonekana mtu mkali kwa habari ya athi kama mimi. Nilizima viyoyozi vya vyumba vya wageni wakubwa. Niligombana na mameneja wanne, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyenifukuza. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi uzeeni. Huenda hata yule wa Watamu asingenifukuza.

Mwaka niliostaafu nilikwenda Dabaso. Mamake Kadzo alikuwa bado hai, ameketi kwenye mkeka akichambua mchele, na mjukuu wake Sidi, sasa mwanamke mzima, alikuwa akianika nguo. Nilimwamkia, nikakaa, nikasema yote tangu siafu mpaka ufunguo wa stoo. Sikuacha hata neno nililomwambia afisa. Aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Nusu saa," alisema.

"Haikufika, mama."

"Kumbe nafasi ilikuwapo."

Akarudi kwenye mchele wake. Sidi alinisindikiza mpaka njiani, wala sikutarajia kumwona tena.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Bibi yake ameshafariki. Umeme umefika kwao, na amenunua friji la mtumba auze maji baridi na sharubati. Alitaka niende kulitazama. Nilimuuliza kwa nini mimi, na mafundi vijana wamejaa. Akasema, "Wewe unajua mashine inavyoua."

Nilikwenda na vifaa vyangu. Soketi ilikuwa na matundu matatu lakini nyuma yake hapakuwa na athi; vijana hufanya hivyo mpaka leo. Nilichimba nje ya ukuta, nikapigilia chuma ardhini, nikavuta waya, nikakaza. Magoti yaliniuma na ilinichukua asubuhi nzima. Nilipima mara mbili, kisha nikamwambia iko salama.

Sidi alichukua kata, akateka maji mtungini, akayamwaga sakafuni mbele ya friji.

"Vua viatu," akasema.

Nikavua. Nikasimama juu ya maji yale, nikaweka kiganja changu chote kwenye bati, na sikukiondoa mpaka aliponiambia inatosha.