Petroli Iliyotawadha

Zahoro hakuwahi kupanda boti na viatu. Alivua kandambili zake ukingoni, akazipanga ncha zikiutazama mto, ndipo akaingia. Watu wa Ruvu wakizikuta pale walijua yuko majini. Walioulizia aliwajibu, "Unaingiaje nyumbani kwa mtu na viatu?" Nyumba hiyo ilikuwa ya nani, hakusema.

Asubuhi ile Fadhila alimkuta ukingoni akimsubiri. Alikuwa ametoka Kibaha mjini, anakofanya kazi ya ofisi, na habari moja kifuani: baba yake, Mzee Badru, amefariki alfajiri, atazikwa baada ya adhuhuri. Barabara ya kwenda kwao, upande wa Mzenga, ilikuwa imekatwa na mvua. Njia iliyobaki ni kupanda mto kwa boti hadi mashambani. Wanawake hawaendi makaburini; asipofika kabla jeneza halijatoka mlangoni, hatauona tena uso wa baba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti Badru. Pole sana. Petroli niliyokuagiza?"

Fadhila akanyanyua dumu. Zahoro akalimimina kwenye tangi, wakaondoka.

Babu yake Zahoro alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge akabaki. Yeye alizaliwa hapo hapo Ruvu, akajifunza injini kwenye pampu za mashamba ya mpunga, na maisha yake yote alikuwa mtani wa Mzee Badru, Mzaramo. Hawakusalimiana bila kutukanana. Utotoni Fadhila alidhani ni maadui, mpaka siku alipomkuta Zahoro hospitalini akimlisha baba yake uji, kijiko kwa kijiko, huku akimwita fisi.

Mto ulikuwa umevuka kingo, una rangi ya chai ya maziwa, umebeba magogo na maboga ya watu. Mawimbi yaliipiga boti ubavuni. Kwenye kona kubwa injini ikakohoa, ikajikaza kidogo, ikazimika.

Kimya kikaja kama usingizi. Kisha Fadhila akaona miti ya ukingoni ikipita, lakini kwa upande usiofaa. Mto ulikuwa unamrudisha Kibaha.

Zahoro alishika pondo, akaisukuma boti mpaka ndani ya shamba la mahindi lililofurika, akaifunga kwenye mkorosho uliosimama majini hadi kiunoni. Hata huko mawimbi yaliwafuata kidogo. Akabinya pira la bomba la mafuta. Lilikuwa gumu, maana yake petroli inafika. Akavuta choki, akavuta kamba. Injini ikaamka, alipoiongeza moto, ikafa.

"Si plagi," alisema. "Kabureta inanyweshwa kitu kisichonyweka."

Akalegeza skrubu iliyo chini ya kabureta, akakinga kifuniko cha chupa. Boti ilipanda, ikashuka. Mkono wake ukapanda na kushuka nayo. Ndani ya kifuniko, chini ya petroli, matone ya maji yalijiviringa kama shanga.

"Dumu hili uliliosha?"

"Lilikuwa la mafuta ya kupikia. Mama alitukataza kupeleka chombo kichafu msibani."

"Ukalikausha?"

Fadhila akalitazama dumu. Zahoro akatazama mbinguni.

"Jamani Wazaramo! Mnaosha maiti, mnaosha vyombo, leo hata petroli mmeitawadhisha!"

Fadhila alitaka kulia, kikatoka kicheko, kibaya, chenye makamasi.

"Yamwage hayo maji twende, mzee."

"Nikiyamwaga haya, tangi litaleta mengine. Huko katikati ya mto yanachanganyika tu. Hapa yatatulia, yakae chini, nami nichote petroli ya juu."

"Na baba je?"

Zahoro akatoa simu. "Mwanne! Uko msibani? Kaa mlangoni. Ndiyo, katikati kabisa. Binti yake yuko njiani."

Mwanne alikuwa dada yake, naye mtani vilevile. Na mtani akishakaa mbele ya jeneza, hakuna wa kumruka.

Wakasubiri. Vichwa vya mahindi vilitikisika juu ya maji kama watu wanaozungumza mbali. Zahoro alisimulia jinsi Badru alivyokimbizwa na nyuki akaiacha suruali mtini, na alisimulia kana kwamba Badru mwenyewe yuko pale kwenye kona, anaoga, atatokea sasa hivi kubisha. Fadhila alifumba macho. Ilikuwa kama habari ya kifo haijafika kwenye shamba lile.

Hatimaye Zahoro akachota taratibu kwa kikombe, akaichuja petroli kwenye pindo la khanga ya Fadhila, akamwaga maji yaliyobaki chini ya tangi na kuirudisha, akaikamua kabureta tena, akakipuliza kitundu chake kwa mdomo. Injini ikawaka, na haikukohoa tena.

Fadhila alimkuta Mwanne kizingitini, miguu ameinyoosha, amepakata mchi. Shehe alikuwa anamsihi apishe.

"Mzaramo wangu huyu," Mwanne alisema. "Sijamaliza kumtukana."

Alipomwona Fadhila aliinuka, akajipangusa, akapisha. Ndani wakamfunulia uso wa baba yake, naye akautazama mpaka akatosheka.

Alirudi Kibaha kwa barabara, maji yalipopungua. Kipupwe cha mwaka ule ule Zahoro alifia Morogoro kwa mwanawe, wala yeye na Fadhila hawakuwa wameonana tena. Kwa hiyo neno lake la mwisho lilibaki lile la ukingoni, alipomshika Fadhila mkono ashuke, injini ikinguruma, maana alikuwa anageuza kuwafuata waombolezaji wengine:

"Kimbia. Lakini usilie yote, binti Badru. Nibakizie na mimi."