Sahani Yenye Maua Mekundu

Nimezaa watoto saba, nimezika wawili na baba yao, na katika maisha yangu yote sikuwahi kula peke yangu mpaka mwaka juzi nilipopewa sahani.

Ilikuwa sahani nzuri, ya kauri, ina maua mekundu pembeni. Mke wa mwanangu aliitoa kabatini, kwenye sahani za wageni. Huyu mkwe wangu si mtu mbaya, niliseme hilo mapema, maana humu nitamsema sana. Tunakaa nyumba moja hapa Dunda. Mumewe ni dereva wa lori, anaijua zaidi barabara ya Msata kuliko kitanda chake. Basi zahanati walinipima, wakasema presha iko juu, nipunguze chumvi na mafuta. Mkwe ndiye aliyenisindikiza. Kufika nyumbani, akawa daktari.

"Mama, kuanzia leo chakula chako mbali."

"Mbali wapi?"

"Mbali na chetu. Hiki chetu kitakuua."

Wenzangu wakawa wanakaa uani kwenye mkeka wamezunguka sinia: yeye, wajukuu wa kike, na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye hana presha, hana sukari, na hana haya. Mimi nimewekewa kiti na stuli ukumbini. Asubuhi uji mweupe, mchana viazi vya kuchemsha, jioni uji tena. Samaki wakaondolewa, eti wana chumvi. Maharage yakaondolewa, eti yanajaza tumbo gesi. Mayai ya watoto. Nazi usiitaje kabisa.

Labda unayesoma hukulelewa na sinia, kwenu kila mtu na chake. Nikueleze. Kwetu Fukayosi tulilima mtama na kunde, samaki walitufikia wamekwisha kauka. Mama yangu uzeeni alikuwa na meno mawili tu, na hayo mawili hayakukutana. Lakini hakulala na njaa. Tulikuwa tunampondea kunde kwa vidole, tunamsogezea upande wake. Akipunguza tonge, sinia zima linajua, anaulizwa: una nini leo? Sasa mimi na sahani yangu ya maua, nani ananichungulia? Nilikuwa nakula vijiko vitatu, kinachobaki nawapa kuku. Kuku walinenepa, wallahi.

Wifi akipita ukumbini lazima anichokoze.

"Wifi, unakula kama mke wa DC. Imebaki kengele tu ya kuitia mtumishi."

"Cheka. Zamu yako inakuja."

"Mimi? Mimi nitakufa na mfupa wa samaki changu mkononi."

Utani wetu una umri wa ndoa yangu. Lakini siku moja alitania, akaondoka, akarudi. Akanishika mkono hapa juu, karibu na bega, akafumba vidole vyake vikakutana. Akanyamaza. Wifi yangu kunyamaza si jambo dogo.

Kanga ikawa hainikai kiunoni. Siku moja naanika nguo nikaona kamba inasogea mbali, nikajikuta nimekaa chini. Mkwe akanitia kwenye bajaji, tukarudi zahanati. Presha imeshuka mno, na uzito umeshuka pamoja nayo.

Muuguzi alikuwa binti wa umri wa mjukuu wangu. Akanipa shikamoo yangu, kisha akaniuliza, "Bibi, jana umekula nini?"

Mkwe akadakia. "Amekula vizuri, uji na viazi."

"Nimemuuliza bibi."

Nikampenda papo hapo. Nikamwambia, "Uji, viazi, uji."

"Na juzi?"

"Mjukuu wangu, usiichoshe kalamu."

Akaiweka chini kweli. Akamgeukia mkwe, akamweleza taratibu kwamba mwili wa mzee unapungua nyama upesi, unataka samaki, maharage, choroko, yai, mboga za majani, matunda. "Tulisema chumvi ipungue, dada. Hatukusema chakula kiondoke. Samaki mbichi mpe. Wa kumwogopa ni papa mkavu na wenzake wa chumvi."

Hilo la papa lilinichoma, maana nilikuwa na kipande nimekificha chini ya godoro. Nilipofika nyumbani nikakitoa mwenyewe. Penye haki nimesema haki.

Mkwe alilia kwenye bajaji. "Nilikuwa naogopa ufie mikononi mwangu, mama, mwanao aje aniulize." Nikamwambia anyamaze, sijafa. Akafuta machozi, akasema, "Basi nitakuwekea samaki kwenye sahani yako."

"Siitaki sahani. Nirudisheni kwenye sinia."

"Chungu chetu kina chumvi."

"Kipikwe kisiwe nayo. Chumvi ikae pembeni kwenye kibakuli, anayeitaka aifuate."

"Nyumba nzima ile chapwa kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Ndiyo. Kwa ajili ya mtu mmoja. Mimi nilikula ukoko miaka yote mumeo akikua, nikisema naupenda. Siupendi. Sikuupenda hata siku moja."

Dereva wa bajaji ndiye aliyekohoa.

Ijumaa yake niliingia jikoni mwenyewe. Nikachoma samaki vibua, nimewapaka ndimu, kitunguu saumu na pilipili. Nikachemsha mboga ya mchunga. Choroko nikaziacha ziive mpaka zikalainika, nikatia tui jepesi, maana nazi sikukubali kuifukuza yote. Nikapakua kwenye sinia, nikalibeba uani, nikaketi mkekani, magoti yakalia kama mlango mbovu. Hakuna aliyethubutu kunionyesha kiti.

Wifi akaonja wa kwanza. "Chapwa!"

"Kwenu kupo."

Akachukua tonge la pili, na la tatu, na mchunga wote wa upande wake akaumaliza, na mdomo haukuacha kulalamika.

Mpaka leo wanalalamika. Mwanangu akishuka kwenye lori lake anaonja mara moja, anauliza kibakuli kiko wapi, mkewe anamwonyesha jikoni kwa kidevu. Anasema amechoka, ametoka safari, hakuna mtu wa kumletea? Wote wananitazama mimi. Wanitazame tu. Nimeshanawa mikono, nimeshakaa, na nina njaa.