Jina la Marieta Katika Kitabu cha Mlima

Marieta Margwe alianza kufagia maktaba ya jamii pale Katesh mwaka ule mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, na katika vitabu vyote alivyovipangusa vumbi hakusoma hata kimoja. Baba yake aliwapeleka wavulana shuleni, yeye akampeleka mlimani na mbuzi. Huko Hanang ndiko alikosomea: alijua ndege gani hutangulia mvua, mti upi hukataa shoka, mzizi upi hunyoosha mgongo uliopinda kwa jembe.

Mwalimu Nikolausi, kiongozi wa kundi lililokutana maktabani kila Jumamosi kusoma vitabu vya mimea na wanyama, ndiye aliyemgundua. Msimu mzima alimfuata mlimani na daftari.

"Naandika kitabu, Mama Irene," alimwambia, akimwita kwa jina la bintiye. "Jina lako litakaa ukurasa wa kwanza."

"Hata kama silisomi?"

"Wajukuu watakusomea."

Marieta akampa yote, ila neno moja. Kwao, aliyeonyeshwa dawa huleta asali, ndipo huambiwa neno la mwisho. Akasubiri asali. Mvua zikaja, zikaisha, mwalimu hakuleta hata sega.

Siku kitabu kilipofika, kundi lilijaa mabenchi. Marieta aliegemeza fagio, akamwomba Zita, binti aliyetunza vitabu na ambaye hakupitisha asubuhi bila kumwamkia, amtafutie jina lake. Zita alifunua mbele, akafunua nyuma.

"Hamna, mama. Kuna mke wake, kuna paroko, kuna hata mbwa wake."

"Mwalimu," Marieta akasema, "uliahidi."

Nikolausi alitabasamu. "Mama Irene, na wewe. Nikiandika kwamba mfagizi ndiye aliyenifundisha, nani atanunua?"

"Tungemweka kwenye jalada na fagio lake," akadakia Joakimu, mwenye duka la pembejeo. Benchi zima likacheka.

Wakaendelea kusoma, mpaka ukurasa wa ule mzizi wa mgongo. Chemsha, unywe kikombe asubuhi.

Zita akageuka. "Ndivyo, mama?"

Neno la mwisho lilikuwa pale pale ulimini: maji ya kwanza humwagwa, hata kuku haonjeshwi. Marieta aliwatazama wale waliocheka, mmoja mmoja.

"Kama kitabu kimesema," akajibu, "mimi ni nani nikibishie?"

Aliomba atakayekunywa awe Nikolausi, au Joakimu. Lakini wenye maduka na mishahara hawaumwi migongo. Aliyekunywa alikuwa mama yake Zita, mkulima wa Dirma. Binti mwenyewe alimchemshia. Mama alitapika siku nne. Alipoinuka, macho yake hayakuona tena zaidi ya mlango.

Nikolausi alikusanya nakala zote za kitabu chake, akabandika kipande cha karatasi kwenye ukurasa ule. Marieta alipofika kufagia, Zita alikuwa amefungua nakala moja mezani. Hakutoa shikamoo.

"Kimeandikwa nini?" Marieta akauliza.

Zita akasoma kama anayesoma bei. "Kosa la ukurasa huu ni la Marieta Margwe, mfagizi wa maktaba, asiyejua kusoma."

"Jina langu ni lipi hapo?"

Binti akaweka kidole, akakiondoa upesi, akaenda zake kwenye rafu.

Marieta aliinama akalitazama. Miaka yote hiyo hakuwahi kuliona limeandikwa. Lilikuwa fupi kuliko alivyodhani.