Mistari Saba Mbele ya Zahanati

Mjomba wangu alikuwa na mikono ya mtu aliyepigana na jiko akashindwa. Makovu yalianzia vidoleni yakapanda hadi kwenye viwiko, kwa sababu rangi ya barabarani haipakwi baridi. Inapikwa kwenye pipa hadi inatokota, inamwagwa, inaganda, na ikikurukia haitoki mpaka iondoke na ngozi. Kazi hiyo aliifanyia manispaa kwa miaka ishirini na miwili: mistari ya katikati, mishale, na vile vivuko vya milia. Mtaa mzima ulimwita Pundamilia, naye aliitika bila kinyongo.

Mimi ni mtoto wa dada yake. Nilikaa chuo cha ujenzi mwaka mmoja na nusu, nikatoka ninajua kusoma mchoro ila sina karatasi ya kuthibitisha. Mama husema nina nusu diploma na mdomo wa digrii mbili.

Kwa hiyo niaminini nikisema niliusoma mchoro wa barabara iliyopita mbele ya zahanati yetu. Ilipanuliwa kutoka njia mbili hadi sita. Magari yalipewa njia sita, maji yakapewa mtaro, nguzo za taa zikapewa nafasi yao, hata nyasi zilitengewa mita moja na nusu. Mwenye miguu hakutengewa kitu. Mwenye baiskeli hata hakufikiriwa. Tulijengewa daraja la juu, hatua mia sita kutoka lango la zahanati, lenye ngazi themanini na nne. Mjamzito apande. Mwenye magongo apande. Sisi tukavunja ukuta mfupi wa katikati, upana wa mkokoteni, tukawa tunavukia hapo hapo langoni.

Mwaka wa kwanza barabara ilikula watu tisa. Nilikuwa na meza ya kuuzia makava ya simu karibu na kituo cha basi, ng'ambo ya zahanati, kwa hiyo niliwaona. Binti mmoja wa sekondari alirushwa akatua juu ya bati la kibanda cha mkate, na muuza mkate akasikia kishindo akadhani ni wezi. Muuza maji wa baiskeli aliburutwa chini ya basi hadi tukashindwa kujua kipi ni chuma na kipi ni yeye. Kila mara tulifanya lile tulilolijua: tulimvuta dereva nje, tukampiga. Madereva wawili hawakufika hospitali. Kisha gari la manispaa lilikuja likamwaga mchanga juu ya damu, na kwenye daftari lao wakaandika kwamba marehemu alivuka mahali pasipo na kivuko. Daftari lilijaa marehemu wakorofi.

Rafiki mkubwa wa mjomba alikuwa fundi viatu aliyekaa nje ya lango la zahanati. Tulimwita Soli. Hakuwa na miguu tangu utotoni, alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo. Maana yake, alivuka njia sita asubuhi na njia sita jioni, akiwa chini kuliko bampa la gari lolote. Utani wao na mjomba ulikuwa wa kuumiza masikio.

"Pundamilia," Soli alimwambia siku moja, akishona kisigino, "matajiri umewapakia mistari mpaka kwenye maegesho ya benki. Mimi unasubiri nife unipakie kaburi?"

"Kaburi lako dogo, bwana. Nusu kopo linatosha na chenji inabaki."

Walicheka hadi Soli akajichoma sindano. Wiki hiyo hiyo pikipiki ilimpiga pale kwenye tundu la ukuta, ikang'oa gurudumu la nyuma na kumvunja mfupa wa bega. Alilala wiki mbili. Aliporudi, mjomba alikuwa ameshaacha kucheka. Alikuwa ameomba kivuko ofisini mara tatu, akajibiwa mara tatu kwamba kwenye mchoro hakipo.

Jumapili moja, jua likichomoza, alisukuma mkokoteni wenye pipa, kuni, kamba na fremu yake ya mbao hadi langoni. Rangi ilikuwa mabaki ya kazi ya juma lililopita. Nilipofika kufungua meza yangu nilikuta mistari saba imeshaganda, minyoofu kama imechorwa kwa wembe. Kimoja tu alikikosa. Rangi ile ikiwa bado ya moto hunyunyiziwa mchanga maalumu wa chembe za kioo, unaoifanya ing'ae usiku na kushika tairi mvua ikinyesha. Mchanga huo hufungiwa stoo, na mtunza stoo hautoi bila barua. Mjomba alijiambia kuwa rangi ni rangi. Ni kosa ambalo mimi na wewe tusingeweza kulifanya, kwa sababu tusingejua hata kwamba mchanga huo upo.

Siku kumi na moja tuliishi kama watu. Magari yalisimama. Madereva walitutukana, lakini walitukana wakiwa wamesimama. Soli alivuka polepole kwa makusudi, akiinua mkono kulia na kushoto kama mgeni rasmi, na mama wajawazito wakamfuata nyuma kama msafara wake.

Siku ya kumi na mbili kulinyesha manyunyu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mjomba alikuwa mapumzikoni, ameketi mezani kwangu akinilalamikia bei ya kava la simu. Soli alikuwa kwenye mstari wa tatu. Lori la kokoto lilikuja, nikasikia tairi zikilia kutoka mbali, nikashukuru kwamba dereva amemwona. Kisha kilio cha tairi kikakatika ghafla, na lori likaendelea kuja kimya kimya, linateleza kama sabuni bafuni. Lilimpiga Soli likapita na baiskeli yake. Mikono yake ilikuwa bado imeshika vishikio. Mengine siyaandiki.

Muuza mkate alifika wa kwanza, na nondo. Dereva alikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinaota. Alivutwa kupitia dirishani, bega likachanwa na kioo, akaangushwa lami, na viatu vikaanza kazi. Nilisikia mbavu. Mtu akaja anaviringisha tairi bovu, mwingine ana chupa ya petroli, na sote tulijua ni za nini. Dereva alikuwa akisema neno moja tu, breki, breki, na wao wakimjibu kwamba hakushika breki, mshenzi huyu.

Mjomba hakukimbilia kwa Soli wala kwa umati. Alikimbilia lami. Alichuchumaa, akatazama alama mbili nyeusi za tairi zilizokuja kwa mita thelathini, nene, zilizonyooka, mpaka ukingo wa mistari. Hapo zilikatika. Juu ya rangi hakukuwa na alama yoyote, nyeupe safi kama sahani. Aliweka kiganja juu yake, kikateleza. Nimewahi kuona watu wakipigwa risasi, hawakuwa na sura ile.

Aliinuka akapenya katikati ya watu, akalala juu ya dereva kifua kwa kifua.

"Alishika breki," alisema. "Rangi ndiyo iliyoteleza. Niliipaka mimi bila mchanga wake. Mkitaka mtu, mtu ni mimi."

Nondo ya muuza mkate ilibaki hewani.

"Pundamilia, toka hapo," muuza mkate alisema, karibu anambembeleza.

"Sitoki."

"Basi naye," ilisema sauti ya nyuma, ambayo mpaka leo sijui ni ya nani, na nimeshaitafuta.

Walimpiga watu aliowapakia mistari. Nondo ilimpata sikioni. Alipoinua mkono kujikinga, mtu aliukanyaga, mwingine akaangusha tofali juu ya vidole, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu kwa sababu mara ya pili alikuwa hajapiga kelele. Mimi nilimng'ang'ania muuza mkate shingoni, nikalipwa kiwiko kilichoondoka na meno mawili. Katika vurumai hiyo dereva alitambaa akaingia chini ya lori lake, na hapo ndipo askari walipofika wakapiga risasi hewani. Dereva aliishi. Mjomba alipoteza sikio la kushoto na vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Siku ya nne karani wa manispaa alifika wodini na askari wa kuchukua maelezo. Alikuwa mpole sana, hadi aliketi pembeni ya kitanda. Alimweleza mjomba kwamba mistari ile haipo kwenye mchoro wowote, kwa hiyo inawezekana kabisa ilipakwa na wahuni. Mzee akisema hajui, kazi yake ipo, pensheni yake ipo. Marehemu ataandikwa kama wengine, alivuka mahali pasipo na kivuko. Mistari itafutwa kwa lami kesho yake.

Mke wa Soli alikuwa amesimama mlangoni, hakuna aliyemwona akiingia. Alienda moja kwa moja kitandani akamzaba mjomba kofi upande wenye nyuzi. Damu ikaloa bendeji. Askari aliinuka nusu, akakaa tena.

"Hilo ni la mume wangu," alisema. "Sasa mwambie huyu aandike. Alikuwa juu ya mistari."

Mjomba alisema, karani akawa anatazama dirisha, na askari akaandika: nilipaka mimi, mwajiriwa wa manispaa, rangi ya manispaa, mistari saba, bila mchanga. Marehemu alikuwa juu ya mstari wa tatu. Dereva alishika breki. Mjomba alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, kama mtoto wa chekechea.

Alifukuzwa kazi wiki hiyo. Mahakama ilimpa kifungo cha nje cha mwaka mmoja kwa wizi wa rangi na uharibifu. Lakini safari hii mtu alikuwa amekufa kivukoni, kwa maandishi, na manispaa haikuweza kumwaga mchanga ikaondoka. Walipoleta lami ya kufutia, watu wa kituo cha basi walivunja vioo vya gari lao kwa mawe, muuza mkate akiwa mbele. Akaja mhandisi, mwanamke asiyependa maneno mengi, akahesabu wavukaji kuanzia asubuhi hadi jioni, wa miguu, wa baiskeli, wa magongo, wa viti. Ilichukua miezi saba. Magari yalinyang'anywa njia mbili. Kivuko kilijengwa juu ya tuta pana, kikawekewa taa, mteremko wa magurudumu pande zote na njia ya baiskeli.

Siku kilipofunguliwa, mjomba alikwenda na chupa ya maji. Alingoja taa ya magari iwe nyekundu, akaenda hadi mstari wa tatu, akaumwagia maji yote, akaanza kuusugua kwa kisigino, kwenda na kurudi. Taa ikabadilika. Magari yakapiga honi, dereva mmoja akatoa kichwa nje akamwambia ya mama yake. Hakusogea, na upande ule hasikii.

Mke wa Soli alikuwa anavuka kutoka ng'ambo na kikapu chake. Tangu siku ya wodini alikuwa hajamsemesha, na hakumsemesha. Alikanyaga palepale palipolowa, mguu mmoja, mguu wa pili, hakuteleza, akapita.