Ngoma Ndani ya Kanisa la Zamani

Kanisa jipya lilipokwisha kujengwa, watawa nao walihamia nyumba mpya ya jirani. Kanisa la zamani likabaki tupu, pamoja na vyumba vyao vyote. Sisi vijana wa ngoma tukalitamani. Masika hapa Ifakara si mchezo: mto Lumemo unafurika, uwanja wetu unakuwa bwawa, na ngozi za ngoma zinalegea mpaka ukipiga unaona kama unapiga godoro.

Tukaenda kwa padre kuliomba. Msemaji nilikuwa mimi, niliyeishia darasa la tatu baada ya mwalimu kusema hesabu zangu zinamtia homa. Wenzangu walinipa uongozi kwa sababu kucheza sijui na kupiga ngoma sijui, sasa wangenipa nini?

Padre akatusikiliza, akasema, "Vyumba vya watawa nitawapa wasuka mikeka na wanaojifunza kushona. Ninyi chezeni kanisani. Lakini Jumapili mchana nije nione watu wanalitumia. Wakiliogopa, naweka mpunga humo."

Jumapili watu walijaa, hata wa kule Kiberege, mbali, walikuja. Sasa kila aliyefika mlangoni alichovya kidole kwenye bakuli la maji ya baraka, nalo lilikuwa kavu siku nyingi, akapiga goti, akaenda kukaa: wanaume kulia, wanawake kushoto, khanga kichwani. Kimya. Wapigaji wakaanza. Hakuna aliyetikisika. Wote wanatazama mbele pale ilipokuwa altare, na mzee mmoja alishaanza kusinzia kama wakati wa mahubiri.

Padre amesimama mlangoni, anaupima ukuta kwa macho. Nikayaona akilini magunia ya mpunga yamepangwa mpaka darini.

Nikajitosa katikati peke yangu. Nikarusha mguu, nikatikisa mabega, nikateleza, nikakaa chini puu. Hakuna aliyecheka, maana kanisani watu hawacheki. Hilo liliniuma kuliko kiuno.

Mara nikasikia sauti ya mama yangu upande wa wanawake. "Wewe, inuka. Ni kucheza gani huko, kama mtu anafukuza ndege kwenye mpunga?"

"Mama, tuko kanisani," nikanong'ona.

"Kanisa limehamia kule. Hapa uko wewe tu, unatutia aibu."

Upande wa wanaume mtu mmoja kicheko kikamtoka puani, na wengine wakashindwa kujizuia. Mama akaitoa khanga kichwani, akaifunga kiunoni, akaja. "Tazama miguu yangu, acha kumtazama padre." Wenzake wakamfuata, duara likaanza kuzunguka, na wanaume walipoona wanaachwa wakainuka nao. Yule mzee aliyesinzia ndiye aliyetimua vumbi kuliko wote.

Ngoma ilipopoa padre akamsogelea mama, aliyekuwa akitiririka jasho.

"Mama, Jumapili ijayo mtakuja tena?"

"Itabidi, padre. Huyu mtoto mguu wa kushoto bado sijamfundisha."

Padre akacheka, akasema mpunga atautafutia banda. Akatoa ufunguo mfukoni. Nikanyoosha mkono, mimi kiongozi. Akampa mama.