Sauti Iliyotoka Mdomoni Mwangu

Nimeendesha lori la maji mjini Ibra, huku kwa Waarabu, miaka kumi na minane, na miaka yote hiyo mie nilikuwa mchezaji. Usicheke! Tangi likijazwa, nami najaza daftari langu michezo ya kuigiza. Nimeicheza harusini, skuli, sikukuu za Idi. Televisheni waliniita mara mbili tu, na mara zote nilikuwa mtumishi anayepita na sinia la kahawa, hasemi neno. Ati Kiarabu changu kina Unguja ndani yake. Nimezaliwa Unguja, kingekuwa na nini?

Nikirudi nanung'unika, mama hunambia, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Nami humjibu nimeinama mpaka mgongo umekufa ganzi. Sukari ilikuwa imeshamla macho, haoni kitu, lakini kila mchezo nilimsomea yeye kwanza. Alikuwa na haja moja tu kabla hajafa: anisikie mwanawe nikisema katika televisheni.

Mwaka mmoja mukhrij, yule bwana anayeongoza mchezo, akakubali onyesho langu liingie katika mchezo wa Ramadhani. Nililiandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kama mama alivyonifundisha, ila hili sikumsomea: nilitaka alisikie kwanza katika televisheni. Akaanza kulisoma kwa sauti, kajiona mkubwa kabisa, akakwama neno la pili. "Kiarabu gani hiki?" Nilicheka mpaka machozi. Tukakaa tukalifasiri kwa Kiarabu, akanipa nilicheze mwenyewe: mzee anayefunga nyumba anayoihama. Tulilipiga picha Nizwa, katika nyumba kongwe za udongo. Maneno ya mwisho nilimwibia mama, ndiyo aliyotwambia siku tunaondoka Unguja: "Fagieni kwanza. Atakayeingia asiseme tulikuwa wachafu."

Siku yenyewe ilipofika, tulifuturu tukajazana sebuleni. Mama alivaa kanga mpya, akataka kiti chake kisogezwe mpaka karibu na televisheni. Uso wangu ukatokea. Mdomo ukafunguka.

Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtu mwingine, nzito, Kiarabu safi cha wenyeji wa huku. Walinitoa sauti yangu wakatia yake, na hakuna aliyenambia. Watoto wakanigeukia, nikawatolea macho wanyamaze. Wallahi nilitamani kuipiga teke televisheni ile.

"Bado hujatoka?" mama akauliza.

"Bado, mama."

Yule mtu akasema habari ya kufagia. Mama akanyanyua mkono. "Hayo si maneno yangu? Kayapata wapi huyu?"

"Kwangu. Mie ndiye niliyeandika."

"Kumbe!" Akafurahi, masikini. "Na anajua kusema, mashaallah." Akasikiliza mpaka mwisho, kichwa kakiinamisha. Nyimbo ya kufungia ilipoanza akanitafuta kwa mkono, akanipata gotini.

"Sasa wewe unatoka lini, mwanangu?"

Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa pale mbele yake muda wote, na walioniona ni wengine wote isipokuwa yeye? Niliona aibu. Nikamwambia wamenikata mchezoni.

"Pole," akasema. "Mungu atakupa siku nyingine."

Hiyo siku nyingine haikuja. Mama alikufa mwaka ule ule, akinionea huruma kuwa sikutoka.